Kilo Sita za Mchanga

Mwaka wa themanini, ukimwona mwanamke wa Bugembe, nje kidogo ya Jinja, ameweka mkono kichwani, hukuuliza kama kuna msiba. Uliuliza ni wa nani. Vita vilikuwa vimepita mwaka mmoja tu, na habari za waliopotea zilikuwa bado zinafika kwa kuchelewa, leo nyumba hii, kesho ile. Kwa hiyo Hajarah alipoanza kukaa kwenye baraza yake ya ushonaji, kando ya barabara ya Iganga, mkono wa kulia ukiwa juu ya utosi tangu asubuhi, wanawake wa sokoni walimjia mbio, leso zimewaanguka mabegani.

"Nnyabo, mama, nani ametutoka?"

"Hakuna aliyekufa, jamani. Ni mkono tu unaniuma."

Walitazamana. Tangu lini mkono ukauma, halafu dawa yake ikawa kuupandisha kichwani? Wakampa pole hivyo hivyo, wakaondoka wakinong'ona kwamba maskini amepata habari za mumewe na hataki kuzisema.

Hajarah hakuwa amepata habari za mtu. Alikuwa na maumivu yanayoanzia kisogoni, yanapita chini ya bega, yanateremka mkono mzima mpaka kidole gumba na cha shahada, yanaunguza kama maji ya moto. Akilala, yanamwamsha. Akiinama kwenye cherehani, yanamkumbusha kwamba hayajaondoka. Kitu kimoja tu kilimpa nafuu, nacho ni kuuinua mkono na kuulaza kichwani. Kwa nini ilikuwa hivyo, hakujua, na kwa maumivu yale hata wewe usingeuliza.

Shingo hiyo aliitesa mwenyewe, ingawa kwa sababu njema. Aprili ya sabini na tisa, mizinga iliposikika upande wa Kampala, watu wa Jinja walibeba unga na watoto wakashika njia. Hajarah alibeba kichwa cha cherehani, chuma kitupu, akakitwika, akatembea siku mbili hadi Iganga na mama mkwe wake, Ramula, kabla ya lori moja kuwaonea huruma na kuwafikisha Mbale kwa ndugu zake. Watu walimcheka njia nzima. Lakini chuma hicho ndicho kilichowalisha Mbale, na waliporudi nyumbani kwao Mpumudde, ndicho kilichoendelea kuwalisha. Mwaka mzima aliinamia sindano kutoka alfajiri. Kisha asubuhi moja akajitwika jerikeni ya maji, akasikia kitu kimeshtuka shingoni, na tangu siku hiyo mambo hayakuwa mambo tena.

Mtu aliyeumizwa zaidi na mkono ule kichwani ni Ramula. Mwanawe Latif, mume wa Hajarah, alichukuliwa na wanajeshi pale pale nyumbani, giza likiingia, miezi miwili kabla ya vita kufika Jinja. Hakuna aliyemwona tena. Ramula alikuwa bado anamwekea sahani.

"Unamlilia mwanangu akiwa hai?" alimkemea Hajarah jikoni.

"Mama, simlilii. Ni maumivu."

"Basi toa mkono kichwani mwako! Unamwitia mauti."

Hajarah aliushusha. Maumivu yakarudi yote kwa pamoja, naye akauma pindo la leso ili bibi yule asimsikie. Tangu hapo nyumba ikawa na baridi. Walikula pamoja, waliswali pamoja, na neno lisilo la lazima halikupita kati yao.

Baridi hiyo ilivunjwa na pasi ya makaa. Hajarah alikuwa anapiga pasi kanzu ya mteja, kidole gumba kikagusa chuma, kikabaki hapo. Ramula ndiye aliyenusa kwanza. Akaurukia mkono, akaunyakua.

"Hajarah! Husikii?"

"Sisikii, Mama."

Ramula alikitazama kidole kilichobabuka, akamtazama mkwewe usoni, na hasira yake yote ikamwisha. Alimpaka asali. Wote wawili walielewa bila kuambizana: mkono ule ndio uliokuwa unaweka chakula mbele yao, na sasa ulikuwa unakufa. Mkasi ulikuwa tayari unamponyoka. Kufungua mlango kwa ufunguo alikwisha shindwa, alitumia mkono wa kushoto. Daktari mmoja mjini alimwambia huenda ikabidi shingo ipasuliwe, tena labda Nairobi. Nairobi! Mtu ambaye hata sukari anaipangia foleni, amwambie nani kuhusu Nairobi?

Nisikufiche, Hajarah alikata tamaa. Alikuwa amekaa barazani siku hiyo, mkono kichwani, hajali tena macho ya watu, alipokuja Alfayo. Huyu alikuwa dereva wa lori kutoka Kenya, aliyezoea kulala Bugembe akitoka Malaba, na suruali yake ilikuwa imepasuka mahali ambapo hapasemwi mbele ya mama mtu mzima. Alikuja akitembea kinyumenyume kidogo. Alipomwona, hakuuliza nani amekufa.

"Mama, hiyo ni shingo," alisema. "Inashuka mpaka kidole gumba, sivyo? Na ukitoa mkono hapo inawaka?"

Hajarah alisahau hata kumsalimu. "Nani amekuambia?"

"Nani aniambie? Mimi niliendesha kutoka Mombasa hadi hapa na mkono mmoja kichwani. Polisi wa Tororo walifikiri najisalimisha." Akacheka, kisha akaona macho ya yule mama yamejaa machozi, akaacha kucheka. "Iko mama mmoja wa kwetu, Maximilla, ako Mbale, pale Malukhu. Kliniki ndogo ya kanisa. Yeye hapasui mtu. Ni mambo ya mazoezi na kamba. Mimi nilipona. Kesho kutwa napita huko, nitakubeba."

Na kweli alimbeba. Alimwekea mto nyuma ya shingo, akaendesha polepole mpaka madereva wengine wakampigia honi za matusi, na alipomshusha Malukhu alikataa hata chai. Sijui watu wa namna hii huzaliwa wapi, lakini barabara ile ilikuwa nao, na bila wao wengi wetu tusingefika popote.

Maximilla alikuwa mwanamke mnene, mpole wa mikono na mkali wa maneno. Alimgonga Hajarah kiwiko kwa nyundo ya mpira, akamchoma vidole kwa pini, akamtembeza kwenye mstari wa saruji, akamuuliza habari za mkojo bila haya yoyote. Akamwambia, "Nibane mkono." Hajarah alibana kwa nguvu zake zote, na Maximilla akamwambia, "Bana basi," na Hajarah akasema ndiyo nabana.

Akamketisha.

"Sikiliza, dada. Kati ya mfupa na mfupa wa shingo kuna kimto. Chako kimoja kimepasuka ubavuni, ute wake umetoka kidogo, umeukandamiza mshipa wa fahamu unaokuja huku kwenye kidole. Mkono wako ni mzima. Mjumbe wake ndiye amebanwa mlangoni."

"Na mbona nikiuweka kichwani napata nafuu?"

"Kwa sababu mshipa unalegea, unapata nafasi ya kupumua. Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Basi mwili wako una akili kuliko watu waliokusema."

Hajarah alilia hapo hapo, kwa sauti. Miezi mitatu ameonekana mchuro, mwitaji mauti, mwendawazimu, na sasa mtu mwenye koti jeupe anamwambia kwamba alikuwa sahihi. Maximilla alimngoja amalize.

"Kisu kipo," aliendelea, "na wako wanaokihitaji. Wewe bado. Wengi hupona bila kupasuliwa, wiki sita, pengine miezi mitatu, kama wanatii. Ule ute uliotoka, mwili wenyewe huufyonza pole pole. Lakini miguu ikilegea, au mkojo ukikataa kukutii, au mkono ukizidi kuishiwa nguvu, usiningoje mimi. Panda gari lolote, nenda hospitali kubwa. Na wiki ya sita rudi hapa nikupime. Kama bado huwezi kunibana, nitakuandikia barua ya kupasuliwa. Tumeelewana?"

"Tumeelewana, daktari."

Alikaa Malukhu kwa ndugu zake siku kumi. Alifundishwa kurudisha kidevu nyuma kama mtu anayekataa uji, mara kumi, kila saa. Alifundishwa kulalia mto mwembamba, kukanda bega kwa kitambaa cha maji moto, kuinua meza ya cherehani badala ya kuinamisha shingo, na kutotwika kichwani kitu chochote, hata kikapu cha nyanya. Na alifundishwa kamba. Kwa mkono wa kushoto, akikosea na kufumua, alijishonea mwenyewe mkanda wa turubai wa pande mbili, mmoja wa chini ya kidevu, mwingine wa nyuma ya kichwa. Mkanda ulifungwa kwenye kamba, kamba ikapita kwenye kigurudumu kilichopigiliwa juu ya fremu ya mlango, na upande wa pili ukaning'inia mfuko wa mchanga. Unakaa kwenye kigoda ukiutazama mlango, mchanga unakuvuta shingo kwenda juu, mifupa inaachiana kidogo. Robo saa asubuhi, robo saa jioni. Aanze na kilo nne, afike sita, asizidi.

Aliporudi Mpumudde, Ramula aliuchukua ugonjwa ule mikononi mwake kama jemadari. Ndiye aliyejaza mchanga na kupigilia kigurudumu juu ya mlango wa chumbani. Ndiye aliyeleta matofali ya kuinulia meza. Maji alichota mwenyewe, na umri ule, akimwambia Hajarah, "Wewe kataa uji wako, niachie mimi jerikeni." Siku ya kwanza alipomwona mkwewe amevishwa mkanda, alisoma dua zote alizozijua. Kisha akatoa amri moja.

"Ukiwa humo, funga mlango wa nje kwa ufunguo. Watu wakikuona na kamba shingoni tutasema nini? Tumekwisha semwa vya kutosha."

Maumivu yalianza kupungua wiki ya pili. Wiki ya tatu Hajarah alilala usiku mzima, akaamka alfajiri akishangaa kwamba ni alfajiri, akasujudu akakaa chini muda mrefu kuliko kawaida. Lakini nguvu hazikurudi. Kila asubuhi alijaribu ufunguo kwa mkono wa kulia, na kila asubuhi vidole viliteleza. Wiki ya nne ikapita. Wiki ya tano ikafika katikati, na ile barua ya kupasuliwa ikaanza kumjia akilini kila akifumba macho.

Asubuhi hiyo Ramula alikuwa ameenda kisimani. Hajarah alifunga mlango wa nje, akakaa kigodani, akajivisha mkanda, akaachilia mchanga. Saa hakuwa nayo, alipima robo saa yake kwa tasbihi, mizunguko saba na nusu. Alikuwa amefumba macho, yuko mzunguko wa nne, ametulia tuli.

Namukose wa nyumba ya pili alikuja kuomba chumvi. Alibisha, kimya. Akabisha tena. Mama yule yumo, kwa sababu viatu viko nje. Akaenda dirishani, akasogeza uso kwenye upenyo wa pazia, akaona kamba, akaona shingo, akaona kichwa kimevutwa juu na macho yamefumbwa.

"Nnyabo! Nnyabo Hajarah!"

Hajarah alimsikia vizuri kabisa. Shida ni kwamba mkanda ulikuwa umembana taya, na kinywa hakikufunguka. Alitaka kusema, "Niko salama, subiri." Kilichotoka ni "Mmmmmm." Akainua mkono kumpungia asiogope. Kutoka dirishani, ule ulikuwa mkono wa mtu anayekata roho.

Namukose alipiga yowe lililofika barabarani.

Watu walikuja. Kwanza wawili, kisha kumi, kisha mtaa mzima, wenye mapanga, mwenye ngazi, mwenye mwiko wa kusongea posho mkononi. Na wote waliishia uani. Kwa maana mtu aliyejitundika, kwa watu wa pale, haguswi ovyo. Anayekata kamba ile hujichukulia mkosi wake, yeye na nyumba yake. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Bogere, mume wa Namukose, seremala mkimya wa nyumba ya jirani, hakumtazama mtu. Alikuja na panga lake, akaupiga mlango kwa bega, ukakataa, akaupiga tena, ukaenda ndani pamoja na bawaba zake. Akaruka juu yake, akanyanyua panga, akaikata kamba.

Kilo sita za mchanga zikamshukia kwenye kidole kikubwa cha mguu.

Hajarah alipinduka na kigoda chake, akaangukia mkekani. Mkanda ukamtoka kidevuni, na neno lake la kwanza kwa mtu aliyekuja kumwokoa lilikuwa, "Bwana Bogere! Umenikatia dawa yangu!"

Namukose aliyekuwa mlangoni akakaa chini kama gunia. "Dawa?"

"Dawa ya shingo. Nimepewa Mbale. Kuna mama daktari—" Alianza kueleza, na kadiri alivyoeleza ndivyo uwanja mzima ulivyoanza kucheka, kicheko cha watu waliokwisha jiandaa kulia. Mwenye ngazi aliwasimulia wa nyuma. Mwenye mwiko alilia na kucheka kwa pamoja. Katikati ya hayo, jerikeni ikasikika ikianguka uani, na Ramula akaingia akipasua watu, akiita, "Mwanangu! Mwanangu!" na hakuwa akimwita Latif. Alimkumbatia Hajarah, akampapasa shingo, uso, mabega, akamkumbatia tena. Ilibidi aelezwe mara tatu.

Mtu mmoja tu hakucheka. Bogere alikuwa amekaa juu ya mlango aliouvunja, mguu mkononi, damu inachuruzika kati ya vidole. Hajarah alipoona, aliwaomba watu nafasi. Akachukua maji, akapiga magoti, akamwosha. Akachana kipande cha kitambaa cha bafta kilichobaki kwenye kanzu, akaanza kufunga.

"Rakini nnyabo," Bogere alisema kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili kile alichojifunzia kwenye vizuizi vya barabarani, maana Kisoga cha Hajarah, mtu wa Mbale, kilikuwa cha kuungaunga. "Mimi iko na maneno."

"Sema, ssebo."

"Ile siku wanachukua Latif. We napiga yowe. Mingi sana. Mi nasikia. Mi nazima taa."

Hajarah hakuacha kufunga. "Najua," alisema. "Nilikuwa nalitazama dirisha lako."

Mwaka na miezi walikuwa wamesalimiana kila asubuhi, habari za usiku, nzuri, na kati yao limekaa dirisha lile. Bogere aliinamisha kichwa.

"Mi naogopa, nnyabo."

"Sote tuliogopa. Wangekuchukua na wewe, na Namukose angekuwa kama mimi." Alizungusha kitambaa mara nyingine. Ramula alikuwa amesimama nyuma yake, mkono wake begani mwa mkwewe. "Wakati ule nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka, hakuja mtu. Leo sijapiga hata kelele, na umevunja mlango. Umeikata kamba ambayo wengine hawakuthubutu kuigusa. Nakushukuru, Bwana Bogere. Nakushukuru kwa moyo wangu wote, na Mungu akulipe, kwa sababu mimi sitaweza."

Akakaza fundo.

"Aii! Porepore, nnyabo! We nakaza sana!"

"Samahani," alisema Hajarah. Aliutazama mkono wake wa kulia. Kidole gumba na cha shahada vilikuwa vimeibana ncha ya kitambaa, vimeibana hasa, kucha zimegeuka nyeupe. Alikuwa ameichana bafta ile kwa mikono miwili na hakuwa ameona. Aliachilia fundo, akalifunga upya, akalivuta. Bogere akapiga kelele tena.

"Mama," Hajarah alisema, "njoo uone."

Ramula alipiga magoti kando yake. Hajarah alifungua, akafunga, akavuta mara ya tatu, machozi yanamdondokea kwenye mguu wa mtu, anacheka, anamshukuru Mungu na Maximilla na Alfayo na watu wote waliokuwa pale uani kwa majina. Bogere aliwatazama wanawake wale wawili, akaelewa. Akashika fremu ya mlango kwa mikono yote miwili, akauma meno, akamwachia mguu wake auvute kadiri apendavyo.